Mwaka Nywele Zilipotoa Moshi

Ujumbe wa sauti uliingia nikiwa nimeshika kichwa cha mteja, kwa hiyo niliusikiliza jioni, nimekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, miguu imenivimba. Ilikuwa sauti ya Zuhura, mteja wa zamani kule Kibiti, na nyuma yake jogoo na injini ya boti. Alisema mdogo wao wa mwisho anaolewa, kwamba watampamba Kibiti kama walivyopambwa wao, na kwamba hawataki mkono wa mtu mwingine. Nifunge saluni yangu ya Dar kwa siku chache niende. Kisha sauti ikafifia, kama ya mtu anayegeuka kutazama nani yupo nyuma yake, ikarudi ikisema: "Na Saada atakuwepo. Kaniambia nikwambie." Niliurudia ujumbe ule mpaka msaidizi wangu akaniuliza kama kuna msiba. Hapakuwa na msiba. Ila Saada hakuwahi kunitumia hata salamu tangu ule mwaka, na mimi sikuwahi kupitisha wiki bila kumkumbuka.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza kidato cha nne, na nilifika Kibiti kujifunza kazi kwa mwanamke aliyeitwa Mwanaidi, ambaye kila mtu alimwita Dada Mwana. Saluni yake ilikuwa fremu moja kando ya barabara kuu iendayo Lindi. Basi kubwa likipita, vioo vilitetemeka na chupa za mafuta zikagongana kwenye rafu. Palikuwa na viti viwili, draya moja yenye kofia iliyobabuka kwa joto, na ukutani maneno yaliyochorwa na fundi wa mabango: KUSUKA, RELAKSA, BLICHI, MAHARUSI. Nyuma ya pazia la kanga kulikuwa na chumba kidogo chenye jiko la mkaa, jamvi na dirisha lililotazama mkorosho wa jirani. Hapo ndipo tulipopika na kula, na hapo ndipo wateja waliosubiri rangi ishike walipoketi na kuyasema yale wasiyoweza kuyasema mbele ya kioo. Nusu ya mambo niliyojifunza mwaka ule niliyasikia kupitia pazia lile, mikono yangu ikiwa na povu la sabuni.

Mimi ni mtu wa wasiwasi, na ni bora niliseme mapema. Nilikuwa nikifunga mlango wa saluni, narudi kuujaribu, nikifika kona narudi tena. Nikisuka, mstari ukipinda kwa unene wa uzi, nilifumua upya huku mteja akilalamikia shingo. Dada Mwana alinipa jina la Wasi. Mtu akinitafuta alisema, "Wasi yuko nyuma, anaosha bakuli lililokwisha oshwa." Wote walicheka, nami nilicheka nao, lakini nikilala niliona bakuli lile na doa ambalo huenda lilibaki. Sikujua wakati ule kwamba ipo kazi duniani inayomhitaji mtu wa namna yangu. Nilidhani ni ugonjwa tu.

Kazi yenyewe ilikuwa poda ya blichi. Ilikuja kwenye kopo pana la plastiki, nyeupe yenye ubuluu kidogo, na ukifungua kifuniko bila kugeuza uso vumbi lake lilikuchoma pua mpaka machozi. Dada Mwana alikuwa na masharti juu yake: bakuli liwe la plastiki, kijiko kiwe cha mti, chuma kisiiguse kabisa, na ukishaichanganya na peroksaidi, ile dawa ya maji inayoiamsha, bakuli usilifunike. Nilipomuuliza kwa nini, alijibu kwamba mama aliyemfundisha kule Temeke alimwambia hivyo, na mama yule hakuwa mtu wa kuulizwa. Lakini mimi sikuweza kulala na sharti lisilo na sababu. Pembeni ya kopo, kwa herufi ndogo mno, yaliandikwa majina ya vilivyomo, na la kwanza lilikuwa persalfeti ya potasiamu, kisha ya amoniamu. Nilikuwa na kitabu cha kemia kisicho na jalada, nilichokipata sokoni kwa muuza vitabu vya mitumba, na simu yenye kioo kilichopasuka. Kwa hivyo viwili nilianza kujifundisha, jioni kwa jioni, nikirudia ukurasa mmoja mpaka unikubali.

Nitaeleza nilivyoelewa, kama nilivyowaeleza wengi baadaye. Persalfeti ni chumvi, lakini siyo chumvi ya kutia mboga. Ndani yake kuna oksijeni mbili zilizoshikana, na mshiko wao ni dhaifu. Ukivunjika, kila upande unabaki na njaa kali na unamnyang'anya elektroni yeyote aliye karibu. Kunyang'anya huko ndiko wataalamu wanakoita kuoksidisha, na persalfeti ni kati ya wanyang'anyi wenye nguvu sana. Weusi wa unywele ni rangi iliyojengwa ndani kabisa. Persalfeti na peroksaidi zikiingia zinaibomoa polepole, na unywele unapita kahawia, unapita rangi ya chungwa, unafika manjano. Neno kubwa hapo ni polepole. Kazi yote ya msusi ni kuulinda huo upolepole. Nilipoelewa hilo nilijisikia kama mtu aliyekabidhiwa mnyama mkali na kuambiwa siri ya kumtuliza, na nikaanza kujiona mjuzi. Wiki chache baadaye akaja Saada.

Saada alitoka kwenye kisiwa kimoja cha delta, ndani huko kwenye mikoko, ambako baba zake walikata nguzo na kuvua kamba. Alikuwa mwali. Alikuwa amewekwa ndani kwa wiki nyingi, akisingwa na kufundwa na somo wake, Bi Mwanahawa, shangazi yake mwembamba mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuita kutoka ng'ambo ya mto. Katika ukoo wao mwali haogeshwi kwa maji ya kigeni. Huoshwa mwili na nywele kwa maji ya kisima cha kwao tangu siku anayoingia ndani hadi siku anayotoka, na akiletwa mjini kupambwa maji hayo huja naye. Walishuka na madumu yao ya njano kama watu wanaohama. Tuliyatumia kumwosha nywele asubuhi ile, Bi Mwanahawa amesimama juu yetu kuhakikisha hatuchanganyi na ya bomba. Zilikuwa nywele nene, ndefu, ambazo msusi huziona mara chache. Saada alitaka ncha zake ziwe rangi ya asali. Alikuwa mcheshi, alituuliza kama bwana harusi atamtambua au ataomba arudishiwe yule wa kwanza.

Poda niliichanganya mimi. Dada Mwana alipaka, akakunja kwa karatasi za foili, akamweka Saada chini ya draya kama alivyowaweka wasichana wengi wa Kibiti kabla yake. Mimi nilikwenda nyuma kugeuza chapati. Nilimsikia Saada akisema, bila kupaza sauti, kama mtu anayeogopa kuonekana mdekaji: "Dada, pana moto humu." Dada Mwana alimwambia ni draya, avumilie kidogo. Nilipotoka nyuma ya pazia niliona moshi. Haukuwa mwingi, ulikuwa uzi mwembamba unaopanda kutoka kwenye foili moja, kisha ya pili. Dada Mwana alizichana foili kwa vidole vitupu na vidole vikaungua. Tulimmwagia maji, na nywele zikaja mkononi mwangu laini, zikakatika kama tambi zilizopikwa zikapitiliza. Ngozi ya kichwa ilisalimika, maana dawa haikufika kwenye mizizi, ila sikio lilipata lengelenge. Saada hakulia. Kwetu pwani nywele iliyochanwa au kukatika haiachwi nyuma, kila mteja huondoka na zake, asije mtu mbaya akaziokota. Basi Saada alipiga magoti sakafuni na kuokota nywele zake, fungu kwa fungu, akazikusanya kwenye upindo wa kanga. Ilimchukua muda mrefu. Alipofika kwenye kipande cha mwisho, kilichonata kwenye mguu wa kiti, ndipo mabega yalipoanza kutikisika.

Aliolewa hivyo hivyo, amejifunika shela, na ndoa ilisimama. Lakini maneno hayakusimama. Kibiti nzima ilituita saluni ya moshi. Vijana wa bodaboda waliokaa upande wa pili wa barabara waliniuliza kila asubuhi tunabanika nini leo. Wakala wa poda alikuja akasema poda si feki, akaonyesha wasichana wengine waliopakwa kutoka kopo lile lile wakiwa wazima, na hilo likatumaliza kabisa, maana kama si poda basi ni mkono. Dada Mwana alilipandisha kopo juu ya kabati, akachukua rangi ya ukuta na kulifuta neno BLICHI. Akawa anakula kidogo. Siku moja nilimsikia akimwambia jirani kwamba pengine ana mkono wa moto na hakuujua. Mimi nami niliendelea kulichanganya bakuli lile kichwani mwangu: nilipima vizuri? Lilikuwa kavu? Na huko visiwani, kama wauza kamba walivyotuletea habari, walikuwa wakisema vingine kabisa. Walisema ni kichwa cha Saada, kina jini la moto, na wasichana wa nyumba ile si wa kuoa bila kuuliza.

Jibu lilikuja kwa kikombe cha chai. Ilikuwa masika, mvua inagonga bati hata husikiki, na mama mmoja muuza kamba kutoka delta alikuwa nyuma ya pazia akisubiri kusukwa. Nilimpa chai ya rangi na kipande cha muhogo. Alikiinua kikombe akakitazama kwenye mwanga wa dirisha, akamwambia mwenzake kwamba chai ya huku nyekundu, inapendeza, mtu anaona hadi chini. "Kwetu," akasema, "maji ya kisima ukiyatia majani, chai inakuwa wino. Na nguo nyeupe usithubutu, utaivaa rangi ya kutu." Mwenzake akacheka, akasema ndiyo maana watu wa delta hawavai kanzu nyeupe mpaka wafike Nyamisati. Waliendelea na mengine, mume wa mtu na boti ya mtu. Mimi nilikuwa nimesimama na birika mkononi. Wino, kutu. Nilikuwa nimesoma kwenye kile kitabu changu kwamba majani ya chai yakikutana na chuma kilichoyeyuka kwenye maji hugeuka meusi. Na masharti ya Dada Mwana yalikuwa yakinijia masikioni kwa sauti yake mwenyewe: chuma kisiiguse kabisa. Siku zote tulikuwa tukiangalia chuma kwenye kijiko. Hakuna aliyefikiria chuma kwenye unywele.

Sikumwambia mtu, kwa sababu mtu wa wasiwasi hatangazi jambo asilolishika. Siku ya mapumziko nilipanda gari hadi Nyamisati, pale boti za delta na za Mafia zinapofunga, nikaanza kuwauliza wanawake walioteremka kama kuna mwenye maji ya kisima cha kwao. Walinitazama sana. Mmoja akaniuliza kwa upole kama nimetumwa na mganga. Mwingine, aliyekuwa akipanga kamba kwenye barafu, akawaambia wenzake: "Watu wanakuja hapa na ndoo kutafuta kamba, huyu kaja kutafuta maji. Mwacheni, labda kwao yamekatika." Lakini ni yeye aliyenijazia dumu kutoka kwenye pipa la boti yao, akakataa malipo, akasema ataniombea dua nipone. Nilirudi Kibiti nimelikumbatia lile dumu kama mtoto. Nilipoyaacha yale maji wazi kwenye bakuli, kulipokucha yalikuwa yameweka tope la rangi ya matofali chini. Nikatia majani ya chai, yakawa meusi.

Nilihitaji nywele, na nywele za nani ningezipata katika mji ambao kila mtu huondoka na zake? Nikakata zangu. Nilikata shungi moja nene upande wa kushoto, nikaligawa mafungu mawili. Moja nililiosha kila siku kwa maji ya delta na kuliacha likauke, jingine nikaliosha kwa maji ya mvua. Nilifanya hivyo kwa wiki nyingi, maana nilitaka liwe kama mwali. Kisha nilichukua glasi mbili za kioo, nikatia poda na peroksaidi kwa kipimo kimoja, nikazamisha kila fungu kwenye glasi yake na kukaa kwenye jamvi kuzitazama. Ile ya mvua ilikaa kimya. Ile ya delta ilianza kutoa povu, harufu ikapanda, na nilipoigusa niliondoa mkono. Chuma kilikuwa kimeuvunja ule mshiko dhaifu kwa pupa, njaa yote ikatoka kwa mkupuo mmoja. Upolepole ulikuwa umekwisha.

Nilimwita Dada Mwana. Alikuwa akichambua kisamvu, akaja na majani mkononi. Nikamwambia ashike glasi moja moja. Alishika ya baridi, akashika ya moto, akaiweka chini haraka. Nilimweleza yote kwa mfululizo, nikijikwaa, chai, kutu, pipa la boti, mpaka nikaishiwa pumzi. Alikaa kwenye jamvi na kisamvu chake mapajani. Akauliza kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo si mkono wangu?"

"Si mkono wako, dada. Wala si kichwa cha Saada."

Alijifuta uso kwa mgongo wa mkono, akasema tule kwanza. Tulikula wali na kisamvu cha nazi, naye akaongeza, akaongeza tena, na mimi nikamtazama akila kama anayetazama mgonjwa akiamka.

Kujua ugonjwa si kuutibu. Nilikuwa nimesoma kwamba asidi ya ndimu hukamata chuma na kukitoa. Nililoweka fungu la delta kwenye maji ya ndimu, nikalisuuza, nikalijaribu, bado likapata joto. Nikaongeza muda, likapoa kidogo. Nikagundua kwamba nilikuwa nasuuza kwa maji ya dumu lile lile, yaani natoa chuma kwa mkono huu na kukirudisha kwa mkono ule, nikajicheka peke yangu. Nikasuuza kwa maji ya mvua, nikarudia ndimu, nikasuuza tena, na siku moja glasi ilikaa kimya mpaka mwisho, unywele ukapanda taratibu hadi rangi ya asali na haukukatika hata nilipouvuta. Hapo ndipo wasiwasi wangu ulipopata kazi. Mtu mwingine angeridhika na glasi moja. Mimi nilirudia mpaka upande wangu wa kushoto ukawa na pengo ambalo kilemba pekee ndicho kilichoweza kulificha.

Zuhura alikuja baada ya Idi. Alikuwa mdogo wake Saada, mfupi, macho makavu, na aliingia kabla hatujamkaribisha, Bi Mwanahawa nyuma yake na uso uliofungwa. Nyuma yao, mlangoni, alisimama Saada mwenyewe amejitanda ushungi. Hakuingia. Zuhura alisema yeye naye ni mwali sasa, kwamba wakwe zake wameanza kuuliza habari za jini, na kwamba kuna njia moja tu ya kuwanyamazisha. "Dada yangu aliungulia hapa," akasema. "Nielezeni kwa nini, halafu mnitie rangi ile ile. Nataka niingie kwa watu na rangi ile ile."

Dada Mwana alinitazama mimi. Nilieleza, safari hii bila kujikwaa. Kisha nikaomba unywele mmoja wa Zuhura, na hapo hewa ikabadilika. Bi Mwanahawa aliweka mkono juu ya kichwa cha mwali wake kama anayekinga mvua.

"We mtoto, unywele wa mwali unautakia nini?"

"Niutie kwenye glasi, bibi. Utauona kwa macho yako, na nikimaliza nitakurudishia ukauzike mwenyewe."

Zuhura hakungoja ruhusa, alikata kifungu kidogo shingoni akanipa. Nilikitia kwenye glasi yenye poda na peroksaidi, nikampa Bi Mwanahawa aishike. Tulimtazama wote. Nyusi zikapanda, akaihamishia glasi mkono wa pili, kisha akaiweka juu ya meza. Alitazama mlangoni, kwa Saada, kwa muda mrefu kuliko alivyoitazama glasi. Akasema, "Basi ni kisima."

"Kisima hakina kosa," nikamwambia, "na poda haina kosa. Wakikutana ndiyo wanagombana."

Lakini nilipomwambia kwamba Zuhura asioshwe tena nywele kwa maji ya kisima, na kwamba tutatumia ndimu na maji mengine, alikataa kabisa. Ndimu hakuipinga, ndimu alikuwa akiitia kwenye singo ya kumsugulia mwali tangu hajazaliwa mama yangu. Lakini maji ya kigeni juu ya mwali, hapana. Mama yake alimwosha hivyo, bibi yake aliosha hivyo, na hataanza yeye kuuvunja ukoo kwa sababu ya rangi. Zuhura alianza kulia kwa hasira. Niliona jambo zima likiniponyoka, kazi ya miezi, kwa sababu ya dumu la maji. Nikakumbuka bati la saluni na mvua ya masika.

"Bibi," nikauliza, "mvua ikinyesha juu ya paa lenu, yale maji mnayoyakinga kwenye pipa ya kunywa, ni maji ya nani?"

Alinitazama kama ananiona kwa mara ya kwanza. "Ya kwetu," akasema. "Ya nani tena?" Kisha akacheka, kicheko kifupi cha puani, akamwambia Dada Mwana kwamba mtoto huyu angekuwa mwanamume wangemfanya kadhi.

Walirudi siku za harusi na madumu yale yale ya njano, safari hii yamejaa mvua ya kwao. Nywele zilikuwa zimekwisha loweshwa ndimu huko nyumbani, Bi Mwanahawa amesimamia mwenyewe, kila siku, na ninaamini hakuna sharti langu alilolipunguza. Nilijaribu unywele kwenye glasi, ikakaa baridi. Nikajaribu mwingine, wa utosini. Nikataka kujaribu wa tatu, na Dada Mwana akanishika kiwiko. Alichukua brashi akanitia mkononi, mimi ambaye hadi siku ile nilikuwa wa kuosha na kuchanganya. "Shika kichwa, Wasi," akasema. Draya hatukuiwasha. Nilipaka ncha fungu kwa fungu, na kila baada ya muda mfupi nilifungua foili moja na kuweka mgongo wa mkono wangu juu yake, nikifikiria moshi, nikiutafuta moshi. Haukuja. Nilichokiona ni kahawia ikiwa chungwa, chungwa ikilainika, polepole, polepole kama nilivyoisoma kwenye kile kitabu kisicho na jalada. Tulipomsuuza kwa mvua ya kwao na kumkausha kwa taulo, Zuhura alijigeuza kwenye kioo na ncha zake zikashika mwanga wa mlangoni, asali tupu. Bi Mwanahawa alipiga kigelegele kilichosimamisha watu barabarani. Wale vijana wa bodaboda wakauliza kwa kelele tumepika nini leo, na mama yule mwembamba akatoka hadi kizingitini akawajibu kwa ile sauti yake ya kuita ng'ambo: "Tumepika, na hakijaungua." Walicheka wao wenyewe, na nadhani siku hiyo ndipo walipoacha kututania.

Saada alikuwa amekaa nyuma, kwenye jamvi, wakati wote ule. Alitoka, akashika ncha za nywele za mdogo wake, akazipitisha kwenye vidole. Alitabasamu, na tabasamu lilikuwa la kweli, lilikuwa la Zuhura. Kisha akanigeukia mimi. "Kwangu mlijifunzia," akasema, na akaenda kumsaidia shangazi yake kubeba madumu. Hakukosea.

Wakwe waliridhika, na jini lile likasahaulika. Kuanzia hapo wasichana wa delta wakawa wanashuka Kibiti na madumu ya mvua, mpaka Dada Mwana akamrudisha fundi wa mabango aandike BLICHI kwa herufi kubwa kuliko zote. Ni mwaka ulionitengeneza. Leo kwenye saluni yangu hakuna mtu anayepakwa poda kabla unywele wake haujaingia kwenye glasi, na wasaidizi wangu wananung'unika kama nilivyonung'unikiwa zamani. Nawaacha wanung'unike. Nimeacha pia kuuonea haya wasiwasi wangu, kwa sababu najua umewaokoa wangapi wasiojua hata kwamba waliokolewa. Lakini katika ushindi wote huo kulikuwa na mtu mmoja aliyepiga magoti sakafuni, na ushindi haukuwahi kumfikia.

Basi nilikwenda. Fremu ni ile ile, mkorosho umekatwa, Dada Mwana anavaa miwani na bado ananiita Wasi mbele ya wateja. Tulimpamba bibi harusi asubuhi, Zuhura akisimamia kama shangazi yake alivyosimamia. Tulikula pilau nyuma ya pazia. Mabakuli yalipokusanywa, Saada, aliyekuwa amekaa pembeni, aliinuka akaenda kuketi kwenye kiti cha mbele ya kioo. Akafungua ushungi. Nywele zilikuwa zimerudi zote, nene, zimesukwa kwa nyuma. Sikuthubutu kumuuliza anataka nini. Alichukua mkasi kwenye meza, akafumua ncha ya msuko mmoja, akakata kifungu kidogo, akaninyooshea. Nikaandaa glasi, nikapima poda na peroksaidi mara tatu, Dada Mwana akiniona. Nilipouzamisha unywele nilimpa glasi aishike mwenyewe, kwa mikono miwili, na tukangoja. Basi la Lindi lilipita, vioo vikatetemeka. Alikuwa akiitazama glasi ile kama mtu anayesikiliza mlango.

"Baridi," akasema.

Akaniwekea glasi mkononi, akaegemea kiti kungoja brashi, akafumba macho. Na unywele wake uliokuwa ndani hakuniomba nimrudishie.